Maji ya chupa yalivyomfanya mama yangu aanze kutoa wosia (Dodoma, miaka ya tisini)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nacheka, naondoka. Ila ule uzi wa juzi wa maji ya chupa na maji ya bomba umenikaa kooni. Mmetukanana mpaka umefungwa. Huyu anasema anayekunywa bomba ni mshamba, yule anasema chupa ni utapeli mtupu, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Sina elimu ya maji. Nina kisa kimoja tu cha mama yangu mzazi, na nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Sijaongeza chumvi. Maji yenyewe yalikuwa nayo ya kutosha.

Ni kirefu kidogo. Mwenye haraka apite, hatutagombana.

Mimi ni Mrangi wa Kolo, kule Kondoa, kwenye yale mawe yenye michoro ambayo wageni wanakuja kuipiga picha. Niliolewa Dodoma mjini. Mume wangu, tumwite Baba Rehema, ni mtoto wa mjini hasa. Mababu zake walikuja na misafara ya biashara zamani hizo, wakaoa hapo hapo, hawakuondoka tena. Alikuwa na duka dogo la vifaa vya baiskeli karibu na soko.

Tulipanga vyumba viwili Chang'ombe. Nyumba ya wapangaji, uani bomba moja, choo kimoja, na mpapai mmoja uliosinyaa karibu na choo, ambao kila mpangaji aliyehamia alisema ataukata.

Miaka hiyo ndiyo biashara imefunguliwa. Waliokuwepo wanakumbuka. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sukari na sabuni, ghafla madukani kuna kila kitu. Biskuti za kila rangi, redio, mitumba inayonukia dawa. Na katikati ya vyote hivyo yakaja maji ya chupa.

Mwanzoni tulicheka. Maji yauzwe? Tena kwenye plastiki, na picha ya mlima? Jirani yetu mmoja alikuwa akipita dukani anayaangalia, anatingisha kichwa, anaondoka anaongea peke yake.

Kicheko hakikudumu. Haikuchukua muda maji ya chupa yakawa heshima. Kwenye kikao, meza kuu ina chupa, wengine jagi. Harusini, maharusi chupa, wengine ndoo na vikombe. Mgeni wa maana akija, unatuma mtu dukani kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Kuna watu walimaliza kunywa wakatembea na chupa tupu mkononi mtaa mzima ili waonekane. Msicheke, na nyie mlifanya.

Hilo la heshima lishikeni, maana ndiko tulikopotelea.

Sasa mama.

Alikuja kwetu kiangazi, anaumwa. Mgongo unauma, homa inakuja na kuondoka, mkojo unamuunguza. Alikuwa ameficha muda mrefu mpaka mdogo wangu akampandisha basi kwa ubishi. Barabara ya Kondoa wakati huo ilikuwa vumbi na mashimo, mtu anafika stendi kope nyekundu. Mama alishuka ameshika kiuno, nikamwamkia, akaniambia yeye hajambo kabisa, kaja kututembelea tu.

Hospitali wakampima. Dokta, kijana mmoja asiyecheka, akasema ni infection, imepanda mpaka kwenye figo. Akatuandikia dawa. Halafu akaniangalia mimi, sio mama.

"Dawa peke yake haitoshi. Huyu mama anywe maji mengi, kutwa nzima, na yawe salama. Asipokunywa figo zitaharibika. Zikiharibika, hapa hatuna cha kumfanyia."

Baba alikuwa ameshafariki. Mama ndiye mzazi niliyebaki naye. Nilitoka pale nimemshika mkono mama kama vile mgonjwa ni mimi.

Jioni nikamwambia Baba Rehema. Akavaa kandambili, akatoka, akarudi na katoni ya maji ya chupa begani.

Niseme ukweli kuhusu bomba letu. Maji yake yana chumvichumvi, sufuria la kuchemshia lilikuwa na utando mweupe ndani kama limepakwa chokaa. Kuna siku bomba linakohoa kwanza, halafu linatoa maji ya rangi ya chai. Sisi tulikuwa tunayaacha yatulie, tunachuja kwa kitambaa, tunachemsha yatokote sawasawa, tunapoza kwenye mtungi. Tulikunywa hayo miaka yote, na mtoto tukamlea kwa hayo hayo.

Nikamkumbusha mume wangu, dokta kasema maji salama, na haya ya mtungi ni salama. Akasema, "Mama mkwe wangu anaumwa, aje kunywa maji ya bomba nyumbani kwangu? Kwenu watanionaje?"

Nilimpenda sana siku ile. Nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Kwa wasiojua: kwetu sisi mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali sahani moja. Hawakai mkeka mmoja. Akipita yeye, mama anavuta kanga usoni na kuangalia chini. Wanasalimiana kila mtu anaongea na ukuta. Kwa hiyo huyu mwanaume hakuwa na namna yoyote ya kumwonyesha mama mapenzi zaidi ya ile katoni.

Ikawa kila asubuhi namwekea mama chupa moja kubwa pembeni ya kitanda, na glasi safi. Sisi tunakunywa ya mtungi kama kawaida.

Mama anaiangalia ile chupa. Ananiangalia mimi. Anasema, "Ahsante, mwanangu. Mungu awalipe." Halafu anageukia ukutani. Nikadhani ameguswa na ukarimu wetu.

Jioni nikiingia, chupa tupu. Moyo unatulia.

(Hapa niweke la pembeni. Kuna siku dukani yaliisha, Baba Rehema akanunua stendi. Nilipofungua, kifuniko kikazunguka laini bila kukatika ile seal. Mtu kaokota chupa tupu, kajaza anakojua yeye, kafunga, anauza. Nikayamwaga. Lakini nikajiuliza ni mara ngapi tulikunywa ya namna hiyo bila kuangalia kifuniko, kwa sababu tu yako kwenye chupa yenye picha ya mlima.)

Tuendelee.

Siku zikaenda, mama hapati nafuu. Dawa anameza mbele yangu kwa uji, lakini midomo imepasuka, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Na akawa mpole kupita kiasi. Mama yangu sio mpole, wakuu. Ni mtu wa kukosoa chumvi ya mboga ya mwenye nyumba. Sasa anakubali kila kitu. Akaanza kuniuliza habari za ndugu tuliokosana nao zamani. Siku moja akaniambia nimsamehe kama aliwahi kunichapa bure.

Nikaogopa, ila sikujua naogopa nini.

Halafu nikagundua mpapai.

Nilikuwa naanika nguo nikaona ardhi chini ya ule mpapai imelowa. Dodoma kiangazi, hakuna mtu anayemwagilia mti aliokusudia kuukata. Nikainua macho, una majani mapya, tena ya kijani kweli. Kesho yake nikajibanza nyuma ya shuka nililoanika. Mama akatoka ndani amejikaza, chupa ameificha ndani ya kanga. Akaangalia huku na huku. Akaimimina yote taratibu kwenye shina, akaupigapiga mti kidogo kama mtu anayemfariji mtoto, akarudi ndani.

Sikumuuliza. Kumuuliza mzazi jambo la aibu ni kumwaibisha mara mbili. Nikampelekea kesi mume wangu.

Tukakaa tukachambua kama wataalamu. Tukafikia hitimisho, na tukajiona tuna akili sana: mama anaona aibu ya choo. Anayekunywa maji mengi atakwenda haja mara nyingi. Choo kiko uani. Uani jioni anakaa Baba Rehema na redio yake. Mama mkwe atapitaje mbele ya mkwe wake mara zote hizo ameshika kopo?

"Basi tatizo ni mimi," akasema Baba Rehema, na alihuzunika kweli.

Tangu siku hiyo akawa kama mkimbizi. Anaondoka mapema, chakula namtumia dukani, jioni anakaa kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili akisubiri mama alale. Alikonda maskini. Redio ikaazimwa na jirani. Na mama akaendelea kumwagilia mpapai.

Tukarudi kwa dokta. Akambonyeza, akamwangalia ulimi, akasoma vipimo. Akauliza, "Maji anakunywa?"

Nikajibu kwa kujiamini, "Dokta, tunampa ya chupa."

"Sijauliza mnampa nini. Nimeuliza anakunywa?"

Akasema turudi mwisho wa wiki. Kama hali ni hii hii, atamlaza na kumwekea dripu, na hawezi kuniahidi figo zitakuwa zimebaki vipi. Aliniambia mimi pembeni, lakini mama alikuwa anatuangalia nyuso.

Mchana ule ule tulivyorudi nyumbani, mama akaniita. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ametawadha, ameswali, amevaa gauni lake zuri alilokuja nalo. Akaniambia nifunge pazia nikae.

Tuliongea Kirangi, ndiyo lugha yetu mimi na yeye. Nawawekea kwa Kiswahili.

Akasema mbuzi wake wabaki kwa mdogo wangu, ila yule mweupe ni wa Rehema. Kanga za sandukuni tugawane sisi wasichana, tusigombane. Shamba la bondeni lisiuzwe. Na yeye azikwe Kolo, kando ya baba, tusije tukamlaza Dodoma eti nauli ya kusafirisha ni shida.

Nikamwambia, "Mama, nani kakwambia unakufa?"

"Mnajua wenyewe. Sijawauliza kwa sababu sikutaka mnidanganye."

"Tunajua nini?"

Akainyooshea kidole ile chupa. Hata kuigusa hakutaka. "Si mnaninywesha maji ya kufia?"

Wakuu, sikuelewa. Ndipo akanieleza, pole pole, kama anamfundisha mtoto.

Kolo, ng'ambo ya njia kutoka kwetu, anakaa Mama Zaina, rafiki yake tangu wote ni wasichana. Mtoto wake Zaina alikuwa anafanya kazi Dar. Akarudi. Alishuka kwenye basi amekonda, amejitanda, mkononi ameshika chupa ya maji. Kijijini ndiyo mara ya kwanza watu kuona maji ya kununua. Kumbe huko Dar walimwambia mwili wake hauna kinga, asinywe maji ovyo, basi masikini akawa anajitahidi kufuata. Alikunywa yake, peke yake, mpaka alipofariki.

Baadaye akarudi kijana mwingine kutoka Arusha. Na yeye chupa mkononi. Na yeye akazikwa. Halafu mwalimu mmoja. Mnakumbuka miaka ile, ule ugonjwa watu walikuwa hawautaji jina. Kijijini hawakuhitaji kuutaja. Basi likisimama, watu wanaangalia mikono ya anayeshuka.

"Nami nikaja hapa," mama akasema, "siku ya kwanza tu mkaniwekea chupa. Nikajua dokta kawaambia. Nikasema sitakunywa, huenda nikikataa siku yangu itakawia. Au nife na kiu yangu, watu wasijue nimekufa kwa lipi."

Nilishikwa na kicheko na kilio kwa pamoja. Nikamwambia mama, haya ni maji tu, ni maji ya heshima, Baba Rehema kakununulia kwa heshima. Hakuamini. Nikaona dawa ni vitendo. Nikachukua ile chupa, nikaifungua, nikaipeleka mdomoni.

Sijui nguvu alizitoa wapi. Yule mgonjwa asiyeweza kusimama bila kushika ukuta aliruka akaipiga ile chupa ikaenda mpaka mlangoni, maji yote chini.

"Wewe una mtoto," akaniambia, anahema. "Wewe usiyanywe."

Nilimkumbatia. Nililia kama mtoto mdogo, na sioni aibu kuandika hapa. Mtu anaamini yale maji ni kifo, kayakubali kwangu kila asubuhi kwa ahsante ili asinivunje moyo, lakini tone moja lisiingie kinywani kwa mwanawe.

Tulipotulia nikamwapia kwa Mungu kwamba ugonjwa wake ni wa figo, unatibika, na maji ndiyo dawa yake. Akanisikiliza. Halafu akaniuliza swali.

"Kama siumwi hivyo, kwa nini maji yangu mbali na yenu mbali?"

Kumbe Baba Rehema alikuwa mlangoni. Alikuwa amefuata kufuli ya dukani aliyoisahau, ile chupa ikamkuta miguuni. Kirangi chake ni cha kuokoteza lakini hilo alilielewa. Nikamwona uso umebadilika. Nikadhani ataondoka kama kawaida yake.

Alivua viatu. Akapita pembeni ya pazia, akaenda kwenye mtungi wetu, akateka kikombe cha maji yetu yale yale ya bomba ya kuchemsha. Akaja akapiga magoti pembeni ya mkeka. Mama akavuta kanga akafunika uso wote. Baba Rehema akanywa nusu ya kile kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, akamsogezea, anaangalia chini.

"Mama, karibu. Haya ndiyo tunayokunywa sisi."

Mkwe na mama mkwe. Kikombe kimoja. Kwetu hilo halifanyiki, wakuu, na wote watatu mle ndani tulijua halifanyiki.

Mkono ukatoka chini ya kanga. Kikombe kikaingia ndani ya kanga. Nikawa nasikia anavyomeza, mpaka mwisho. Halafu kikombe kikatoka kitupu, na sauti ya mama kutoka ndani ya kanga ikasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Yana chumvi. Ongeza."

Alikunywa siku ile kama mtu aliyevuka jangwa. Kila kikombe mmoja wetu anaonja kwanza, anampa. Ikawa ndiyo utaratibu wa nyumba. Na Baba Rehema akarudi na redio yake uani. Mama akawa anapita kwenda chooni ameshika kopo lake bila wasiwasi. Kumbe aibu ya choo ilikuwa yetu sisi.

Mwisho wa wiki dokta alimwangalia, akaandika, akasema dripu haihitajiki. Nikamwambia tumeacha ya chupa, anakunywa ya bomba yaliyochemshwa. Akasema, "Mimi nilisema salama. Ya dukani mlisema wenyewe." Ndiyo mara pekee nilimwona akitabasamu.

Zile chupa zilizobaki tulikunywa wote pamoja na mama, kwenye vikombe, zikaisha. Zikabaki tupu, rundo chini ya kitanda.

Hapa ndipo niwajibu wale waliosema kwenye ule uzi kwamba chupa zinachafua mazingira.

Chupa tupu mwanzoni zilikuwa lulu. Majirani waligombea, huyu aweke mafuta ya alizeti, yule asali, yule mafuta ya taa, jambo ambalo lenyewe ni hatari, chupa ya maji yenye mafuta ya taa mtoto ataijuaje. Baadaye kila mtu akawa nazo. Tukazichoma nyuma ya choo. Moshi mweusi, harufu inakaa kwenye nguo zilizoanikwa, na chini kinabaki kitu kigumu kama lami ambacho jembe halikivunji. Waliohama pale miaka ile waliliacha lile donge, na nadhani lipo bado.

Kolo sasa mkienda kiangazi mtaona wanawake wanachimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, kama walivyochimba bibi zetu. Ule mchanga ndiyo chujio letu. Siku hizi unachimba unakutana na chupa, unatoa, unachimba, unakutana na nyingine, zimeshushwa na mvua kutoka makorongo ya juu. Mtu alikunywa mara moja akiwa safarini akaitupa dirishani. Anayeitoa mchangani ni mama wa watu mwenye kiu.

Sisemi maji ya chupa ni mabaya. Kipindupindu kikiingia, au bomba lenu likitoa vitu visivyoeleweka, yanunueni, angalieni seal. Wala sisemi bomba ni salama kwa kuwa ni bomba. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiondoki. Na huku kwetu kuna visima vinatia watoto rangi ya kahawia kwenye meno, huko chemsha usichemshe, ni yale yale. Pimeni maji yenu, ulizeni. Mimi nasema tu usalama sio bei wala picha ya mlima.

Namalizia.

Mama alipopona nilimrudisha mwenyewe Kolo. Basi liliposimama, watu walikuwa kivulini pale pale wanapokaa siku zote. Niliona macho yao yanavyokwenda kwenye mikono yake. Alikuwa ameshika kikapu. Wakaanza kumpokea, shikamoo nyingi, pole na safari, ndugu zangu wanataka kumbeba aende nyumbani akapumzike.

Mama akawaambia wasubiri. Akavuka njia, akaenda kwa Mama Zaina.

Nilimfuata. Sikujua anachotaka. Mama Zaina alikuwa uani anapepeta ulezi, akasimama, hakuzoea tena wageni. Tangu msiba wa Zaina walikuwa wanasalimiana kwa mbali tu. Kwenye ule msiba kila aliyekwenda kuzika alikwenda na kikombe chake. Na mama yangu, rafiki yake wa utotoni, alikuwa amekifunga chake kwenye pindo la kanga. Aliniambia mwenyewe ndani ya basi, ametazama dirishani, hakuniangalia.

Mama akakaa chini bila kukaribishwa. Akasema, "Nimetoka mbali. Naomba maji ya kunywa."

Mama Zaina akaingia ndani. Akakawia. Akatoka na kikombe cha bati, akakishikilia mkononi bila kukitoa, kama anayempa mtu nafasi ya kubadili mawazo.

Mama akakipokea. Akanywa kidogo, akamwambia, "Na wewe kunywa." Mama Zaina akanywa. Akamrudishia. Wakaendelea hivyo, huyu anakunywa, yule anapokea, mpaka kikaisha. Halafu Mama Zaina akaketi kwenye mkeka ule ule akajifunika uso na kanga, mabega yanatikisika, na mama akamwekea mkono mgongoni akamwacha alie.

Hawakuachana tena wale mpaka Mungu alipowachukua, kila mmoja kwa wakati wake.

Nilichojifunza ni kidogo. Mgonjwa wako mpe maji safi, kisha unywe hayo hayo mbele yake.

Haya, uwanja ni wenu. Wataalamu wa maji nisahihisheni nilipokosea. Na kama kuna humu aliyewahi kutengewa kikombe, au aliyewahi kumtengea mwenzake, asione haya, aandike hapa chini. Nitasoma kila mmoja.